Ramani ya boti ya doria ya Fairmile B: itafutwe wapi, na ipimwe vipi kabla ya kukata mbao

Swali: Mimi ni seremala, mkazi wa Tanga, na nikipata nafasi hutengeneza modeli za mashua na majahazi. Nimeona picha ya boti ya doria ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aina ya Fairmile, nikaazimia kuijenga kwa mbao. Nimetafuta ramani kwenye intaneti nikapata michoro miwili ya ubavuni ambayo haifanani hata kidogo. Ramani sahihi nitaipata wapi, nitaitambuaje, na nijenge kwa skeli ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, inawezekana kabisa kwamba michoro yako yote miwili ni sahihi, ila kila mmoja ni wa boti nyingine. Fairmile halikuwa jina la boti moja. Lilikuwa jina la nyumba ya Noel Macklin huko Cobham, katika jimbo la Surrey nchini Uingereza. Macklin alikuwa mtengenezaji wa magari, na vita vilipoanza mwaka 1939 alipendekeza kwamba boti ndogo za kivita zijengwe kwa utaratibu wa viwandani: mataruma (mbavu za chombo) na sehemu nyingine zikatwe kwa wingi mahali pamoja, kisha zisafirishwe hadi kwenye karakana nyingi ndogo ziunganishwe huko. Kutokana na mpango huo zilitoka aina kadhaa zilizopewa herufi, na mtu anayetafuta ramani bila kutaja herufi huletewa mchanganyiko kama ulioupata wewe.

Fairmile A ilikuwa na urefu wa futi 110, na ubavu wake ulivunjika kwa kona kali kabla ya kufika chini. Zilijengwa 12 tu. Fairmile C ilirithi umbo hilo la A, lakini ikafanywa boti ya mizinga. Fairmile D ilikuwa na urefu wa futi 115 na injini nne, na kazi yake ilikuwa kushambulia kwa torpedo na mizinga, wala si doria ya kawaida. Boti ya doria hasa, iliyosindikiza misafara ya meli, kuwinda nyambizi, kufagia mabomu ya baharini na kuokoa marubani walioanguka majini, ni Fairmile B. Hiyo ilijengwa kwa wingi kuliko nyingine zote, zaidi ya 600, na bila shaka ndiyo uliyoiona kwenye picha. Kuna mkanganyiko mwingine unaopaswa kuujua mapema: Waingereza walikuwa na boti ndogo zaidi ya kulinda bandari, yenye urefu wa futi 72, na hiyo nayo, kama Fairmile B, iliandikwa ML (kifupi cha Motor Launch, yaani boti ya mota) kabla ya namba yake. Ukikuta namba za kuanzia 1001 na kuendelea, kwa kawaida unatazama boti hiyo ya futi 72, si Fairmile.

Vipimo vya Fairmile B uviandike ukutani mwa karakana yako tangu leo, kwa sababu ndivyo vitakavyokusaidia kukataa ramani mbaya. Urefu wote ni futi 112. Upana ni futi 18 na inchi 3. Uzito wake ikiwa imepakia ni takribani tani 85. Ilikuwa na injini mbili za petroli za Hall-Scott na rafadha mbili, na iliweza kukimbia maili 20 za baharini kwa saa. Mataruma yake yalikatwa kwa plywood, na juu yake zilipigwa tabaka mbili za mbao za mahogani kwa mshazari, tabaka moja ikielekea huku na nyingine kule, katikati yake pakiwa na kitambaa kilicholowanishwa mafuta ili maji yasipenye. Ubavu wake haukuwa na kona. Ulishuka kwa mviringo mpaka chini, na omo lake, yaani sehemu ya mbele, lilikuwa jembamba linalotanuka kuelekea juu ili kusukuma mawimbi pembeni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Kwa kuwa mataruma ya boti hizi yalikatwa kwa ramani moja, umbo la chombo kutoka kwenye mkuku hadi sitaha ni lile lile kwa boti zote za aina ya B, iwe iliunganishwa Uingereza, Canada au Australia. Vitu vilivyo juu ya sitaha, kwa upande mwingine, vilibadilika mno. Waliobuni boti hii walikusudia tangu mwanzo kwamba silaha zake ziweze kuondolewa na kuwekwa nyingine kwa haraka, ili boti iliyokuwa ikiwinda nyambizi iweze kugeuzwa kuwa ya kutega mabomu ya baharini au ya kubeba majeruhi. Basi kazi yako igawe sehemu mbili. Tafuta ramani moja nzuri ya umbo la chombo, na hiyo itakufaa kwa boti yoyote ya B. Kisha, kwa vilivyo juu ya sitaha, chagua boti moja yenye namba na mwaka, na uifuate kwa picha. Watu wengi hushindwa kwa sababu hutafuta ramani moja itakayowapa yote mawili, na ramani ya namna hiyo ni adimu.

Nianze na umbo. Mchoro wa ubavuni na mchoro wa juu, hata uwe na kila skrubu, hautoshi kujenga chombo. Unakuonyesha urefu na kimo, lakini haukuambii ubavu umejaa kiasi gani futi 20 kutoka omo, wala tezi, yaani sehemu ya nyuma, limekaaje chini ya maji. Unachohitaji ni mchoro wa mistari ya umbo, ambao una mionekano mitatu inayokwenda pamoja: wa ubavuni, wa juu, na wa mikato, yaani umbo la chombo kana kwamba limekatwa vipande kwa msumeno kila baada ya hatua fulani. Kwa kawaida mikato ya omo huchorwa nusu upande wa kulia na mikato ya tezi nusu upande wa kushoto. Wewe uliyezoea kuunda vyombo utaelewa mara moja kwamba kila mkato ni taruma moja linalosubiri kukatwa. Mchoro wa aina hii ukija pamoja na jedwali la vipimo vya kila mkato, umepata hazina, kwa maana tarakimu hazipindi hata karatasi ikivutika.

Pa kwanza pa kuuliza ni Jumba la Taifa la Makumbusho ya Bahari lililoko Greenwich, London, ambalo linahifadhi mkusanyiko mkubwa sana wa michoro ya vyombo vya jeshi la majini la Uingereza na huuza nakala. Usiandike tu kwamba unataka ramani ya Fairmile. Taja kuwa ni Fairmile B ya futi 112, taja namba ya boti unayoipenda kama umekwisha kuichagua, na uombe kwanza orodha ya michoro waliyonayo pamoja na bei, kabla ya kulipia chochote. Katika katalogi za Kiingereza mchoro wa umbo huandikwa lines, na mchoro unaoonyesha chombo kama kilivyokamilika karakanani huandikwa as fitted. Tumia maneno hayo hayo katika barua yako, kwa sababu mhudumu wa hifadhi hutafuta kwa maneno yaliyomo katika orodha yake.

Pa pili ni kazi za John Lambert, mchoraji wa Uingereza aliyetumia miaka mingi kuchora boti ndogo za kivita kwa ajili ya wajenzi wa modeli. Yeye na mwenzake Al Ross walitoa kitabu chenye juzuu mbili kiitwacho Allied Coastal Forces of World War II, na juzuu ya kwanza inashughulikia aina za Fairmile pamoja na boti za Marekani za kuwinda nyambizi. Kwa maoni yangu, mtu anayetaka kujenga Fairmile na akawa na fedha za kununua kitu kimoja tu, anunue juzuu hiyo. Michoro iliyomo kitabuni imepunguzwa ili ienee kwenye ukurasa, hivyo itakubidi uikuze, na unene wa mstari hukua pamoja nayo. Mstari mwembamba wa kitabuni ukikuzwa mara nne hukuacha ukijiuliza ukate upande wake wa ndani au wa nje. Kata katikati ya mstari daima, na usibadilishe uamuzi huo kutoka taruma moja hadi jingine.

Pa tatu, ambapo wengi hupasahau, ni nchi nyingine zilizotumia boti hizi. Jeshi la majini la Canada lilikuwa na Fairmile B 80, Australia ilikuwa na 35 na New Zealand 12. Hifadhi za nchi hizo, hasa Maktaba na Nyaraka za Taifa za Canada huko Ottawa na kumbukumbu ya vita ya Australia huko Canberra, zina picha na nyaraka za boti hizo, na sehemu ya picha hizo unaweza kuzitazama kwenye intaneti bila malipo. Kama nilivyoeleza, umbo ni lile lile. Mchoro wa mistari wa Canada utakufaa hata kama unajenga boti ya Uingereza, mradi usinakili vitu vya juu ya sitaha.

Vilevile majarida ya Uingereza ya wajenzi wa modeli yamekuwa yakiuza ramani za boti za aina hii kwa miaka mingi. Hizi zina faida ya kuwa tayari zimechorwa kwa mjenzi, zikiwa na mataruma ya kukata. Zipokee kwa tahadhari. Ramani iliyokusudiwa modeli ya kukimbia majini mara nyingi hunenepesha umbo la chini ili betri na mota vienee, na mchoraji si lazima aseme kwamba amefanya hivyo.

Hapo ndipo unapohitaji kupima. Chukua rula, pima urefu wote wa chombo kwenye mchoro, kisha upana wake mkubwa kabisa kwenye mwonekano wa juu, na ugawe urefu kwa upana. Kwa Fairmile B jibu ni takribani 6.14. Ukipata 5.8, chombo kimenenepeshwa au si B. Ukipata 6.1 au 6.2, tofauti hiyo inaweza kutokana na mahali mchoraji alipoanzia kupima au na karatasi kuvutika. Baada ya hapo chagua mkato mmoja, tuseme ulio robo ya urefu kutoka omo. Kwenye mchoro wa mikato, pima umbali kutoka mstari wa katikati hadi ubavuni kwenye mstari wa maji. Kisha nenda kwenye mwonekano wa juu, tafuta mkato ule ule, na upime umbali huo huo kwenye mstari wa maji ule ule. Vipimo viwili vinapaswa kulingana. Rudia kwa kimo cha sitaha, ukilinganisha mchoro wa mikato na mwonekano wa ubavuni. Mionekano mitatu ikikubaliana katika mikato mitatu au minne ya mbali mbali, mchoro huo ulitokana na umbo halisi. Isipokubaliana, mchoraji alikisia sehemu fulani akitazama picha, na hapo ukiujenga utakuta mbao zinagoma kulala vizuri juu ya mataruma: zitafanya uvimbe hapa na shimo pale.

Michoro yako miwili ya ubavuni ijaribu pia, ingawa haina mikato. Tazama omo na ubavu. Kama kuna mstari mmoja mrefu unaoanzia juu karibu na omo na kushuka taratibu kuelekea tezi, mara nyingi huo ni ukingo wa ile kona kali, nawe unatazama A, C au D. B haina mstari huo. Itakuwa na ukingo wa sitaha na mbao za kuzuia msuguano tu.

Kuhusu vilivyo juu ya sitaha, chukua mfano wa shambulio la Saint-Nazaire nchini Ufaransa la tarehe 28 Machi 1942. Boti 16 za Fairmile B zilishiriki, mojawapo ikiwa ML 306, ambayo Sajini Thomas Durrant alipigana ndani yake mpaka akajeruhiwa vibaya; alikufa kwa majeraha hayo na baadaye akapewa nishani ya Victoria Cross. Mtu akikuuzia ramani ya Fairmile B kama zilivyotoka karakanani mwanzoni, ataiweka na mzinga mdogo wa Hotchkiss wa risasi za ratili 3, bunduki za rashasha na mabomu 12 ya kina, yaani yanayolipuka chini ya maji kuulia nyambizi. Boti zilizokwenda Saint-Nazaire zilikuwa zimeongezewa matangi ya petroli juu ya sitaha, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, na nyingi zilikuwa na mizinga miwili ya Oerlikon ya milimita 20. Nne miongoni mwa zile 16 zilibeba torpedo. Ukijenga ML 306 kwa ramani ya kawaida bila kutazama picha za boti za operesheni ile, chombo chako kitakuwa na umbo sahihi na sitaha ya boti nyingine. Ndiyo maana nasisitiza namba na mwaka: hata boti moja ilibadilishwa silaha zaidi ya mara moja kabla ya 1945.

Picha zitafute kwenye mkusanyiko wa Imperial War Museum ya London, ambao unaweza kupekuliwa kwenye intaneti kwa namba ya boti au kwa jina la aina yake. Usiridhike na picha za ubavuni peke yake. Picha zenye thamani kubwa kwa mjenzi ni zile zilizopigwa kutoka juu, kwa mfano kutoka kwenye meli kubwa au gatini maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu zinaonyesha mpangilio wa sitaha, mahali pa milango na jinsi mabomu ya kina yalivyopangwa pembeni. Ukipata picha ya namna hiyo ya boti jirani wa kundi lile lile na mwaka ule ule, ni ushahidi mzuri kuliko picha ya boti yako mwenyewe iliyopigwa miaka miwili baadaye.

Ipo pia boti halisi iliyosalia, RML 497, Fairmile B iliyotumika kuokoa watu baharini na baada ya vita ikawa feri ya abiria kwenye pwani ya Devon. Sasa iko Hartlepool, chini ya makumbusho ya taifa ya jeshi la majini la Uingereza. Picha zake zitakufundisha mengi kuhusu mkuku, usukani na tezi, sehemu ambazo picha za wakati wa vita hazionyeshi kwa kuwa chombo kilikuwa majini. Vya juu ya sitaha yake usivifuate, kwa sababu vilibadilishwa ili kubeba abiria.

Skeli iamue baada ya kujibu swali moja: modeli yako itakaa kabatini au itaelea? Kwa skeli ya 1:72 itakuwa na urefu wa milimita 474 na upana wa milimita 77, na vitu vya sitaha vitakuwa vidogo mno kwa mtu anayefanya kazi na mbao. Kwa 1:48 itakuwa milimita 711 kwa 116, ukubwa ambao seremala mwenye mkono mwepesi anaweza kuutendea haki, na mizinga bado itaonekana kuwa mizinga. Kwa 1:24 utapata urefu wa mita 1.42. Kama itaelea, jambo la kuzingatia ni uzito, kwani hupungua kwa haraka kuliko urefu. Boti ya tani 85 ikipunguzwa mara 48 kwa urefu, uzito hupungua mara 48 kwa 48 kwa 48, na unabakiwa na takribani gramu 780 kwa kila kitu, pamoja na mbao, rangi, mota na betri. Ukizidisha hapo chombo kitazama kupita mstari wake wa maji. Kwa 1:24 unaruhusiwa kilo 6 na kidogo, na hapo mbao za kawaida zinatosha. Ushauri wangu kwako ni 1:48 ya kukaa kabatini, au 1:24 ya kuelea, na usijaribu kupata vyote viwili katika 1:48 kwa mara ya kwanza.

Ukishapata mchoro na kuchagua skeli, peleka faili au karatasi kwenye duka linalochapa ramani za nyumba, kwa sababu mashine zao hutoa karatasi kubwa bila kuunganisha vipande. Kabla ya kwenda, chora juu ya mchoro mistari miwili inayojulikana urefu wake, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Baada ya kuchapa pima yote miwili. Mashine nyingi hunyoosha karatasi upande mmoja kuliko mwingine, na kosa la asilimia moja kwenye urefu wa milimita 711 ni milimita 7, ambazo zitaonekana pale sitaha itakapokataa kukutana na omo.

Mwisho, soma maandishi madogo ya mchoro ili ujue kama mistari imechorwa kwa nje ya mbao za ubavuni au kwa ndani yake. Kama ni nje, kama ilivyo kwa michoro mingi ya modeli, na wewe unakusudia kufunika mataruma kwa mbao za unene wa milimita 1.5, basi kila taruma lipunguze milimita 1.5 pande zote kabla ya kukata, isipokuwa juu kwenye sitaha, ambako utapunguza unene wa mbao za sitaha. Fanya hivyo kwenye karatasi kwa kalamu ya rangi nyingine, taruma baada ya taruma, kisha ndipo ubandike karatasi kwenye plywood na kuwasha msumeno.